Ibara ya Kura Zilizokwama

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika ibara ambayo hakuna mtu aliyeniomba. Waliniletea katiba ya chama chao niichape upya, nami nikaongeza kitu ndani yake. Nilijiambia kwamba natengeneza palipobomoka.

Chama chenyewe kilikuwa cha wakulima wanaotumia maji ya skimu moja ya umwagiliaji, upande wa barabara inayotoka Ifakara kwenda Mang'ula. Mto unashuka kutoka milimani, unagota kwenye banio, ule ukuta wa zege unaoyainua maji na kuyasukuma kwenye mfereji mkuu. Mfereji mkuu unalisha mifereji midogo mitano. Wa kwanza uko hatua chache tu kutoka banio. Wa tano uko mwisho kabisa, kule chini kwenye tambarare, na huko ndiko liliko shamba la mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili.

Masika hakuna ugomvi. Bonde lote linakuwa maji, hata yule asiyeyataka anayapata mlangoni. Shida ni kiangazi. Mto ukipungua, maji yanatolewa kwa zamu, na zamu kwa miaka yote ilianzia juu. Wa mfereji wa kwanza walijaza majaruba yao ya mpunga, wa pili wakafuata, na ilipofika kwetu kilichobaki ni tope na ndege weupe wanaotafuta vyura. Mama mkubwa aliyaita maji ya makombo. Alikuwa akisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kijiji.

Mimi nilikuwa na kona yangu kwenye steshenari moja mjini Ifakara. Kompyuta, printa, mashine ya fotokopi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yasiyonipeleka popote, na karibu kila ninachokijua nimejisomea mwenyewe kwenye simu. Mtu aliyejifundisha ana ugonjwa wake: hajui ni ukurasa gani ameuruka. Ndiyo maana nakagua. Nimewahi kuchapa upya tangazo la msiba lote kwa sababu ya nafasi mbili kati ya neno na neno. Nimewahi kufika stendi, nikashuka kwenye bajaji, nikarudi dukani kuhakikisha kwamba nilihifadhi barua ya mtu ambayo tayari alikuwa ameshaichukua. Wateja walisema nina bidii. Ilikuwa hofu.

Katiba ile ilinitesa tangu niliposhika karatasi ya kwanza. Ibara ya tisa ilifuatwa na ya kumi na moja. Neno "mwanachama" lilikuwa na herufi kubwa hapa, ndogo pale. Nikanyoosha hayo. Halafu nikaona pengo. Iliandikwa kwamba mwenyekiti lazima apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, basi. Haikusema kitatokea nini asipopatikana wa namna hiyo.

Nikampigia katibu wa chama. "Shikamoo. Samahani, mgombea akikosa nusu inakuwaje?"

"Marahaba. Tunarudia."

"Mnarudia mara ngapi?"

"Mpaka apatikane. Kijana, watu wakishasikia njaa wanaelewana wenyewe." Akacheka.

Mimi sikucheka. Niliona aibu kwa niaba yao. Chama chenye mamia ya watu kinamchagua kiongozi kwa njaa!

Wakati huohuo Marekani walikuwa kwenye uchaguzi, na jirani na steshenari kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga ambako watu wanaosubiri magunia yao hubishana juu ya kila kitu kilicho mbali. Siku moja mmoja akauliza: wagombea wale wakitoshana, hakuna aliyevuka nusu ya zile kura za majimbo, nani anakuwa rais? Hakuna aliyejua. Mimi pia sikujua, na kutojua kulinikera kama jiwe kwenye kiatu. Nikasoma siku kadhaa, katikati ya fotokopi na fotokopi.

Nilipolipata jibu nilikwenda pale mashineni nikiwa nimeshikilia simu kama Biblia.

"Bunge lao ndilo linachagua," nikawaambia. "Baraza la chini, la wawakilishi."

"Kwa hiyo chama chenye wabunge wengi ndicho kinachukua urais," akasema mwendesha mashine, amejaa vumbi la pumba mpaka kwenye kope.

"Hapana! Hapo ndipo penye utamu. Hawahesabu vichwa. Wabunge wa kila jimbo wanakaa pamoja, wanakubaliana, wanatoa kura moja. Jimbo moja, kura moja. Chama kinaweza kuwa na wabunge wengi zaidi bungeni na bado kikashindwa, kwa sababu wabunge wake wamejazana kwenye majimbo machache. Kinachotakiwa ni kuwa wengi ndani ya majimbo mengi. Na wabunge wa jimbo wakigawanyika sawasawa, kura ya jimbo lao inapotea."

"Kwa hiyo jimbo lenye watu kama wa wilaya ya Malinyi tu ni sawa na jimbo la mamilioni?"

"Sawa."

"Hao ni wagonjwa," akasema, akamwaga debe jingine la mpunga. "Hapa kwetu rais ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, tunaenda kula."

Walicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshapenda. Nakiri hivyo. Niliipenda ile kanuni kwa jinsi ilivyokamilika; kila tundu lilikuwa limezibwa na mtu aliyefikiria mapema. Sikujiuliza ilizibwa kwa faida ya nani. Niliporudi kwenye kompyuta, niliandika ibara mpya ya katiba ya chama cha mifereji: ikiwa hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu, uchaguzi utahamia kwenye Baraza la Wajumbe, wajumbe wa kila mfereji watakubaliana na kutoa kura moja kwa niaba ya mfereji wao, atakayepata mifereji mitatu ndiye mwenyekiti. Nikaongeza hata ile ya wajumbe wanaogawanyika sawasawa. Nikaisoma mara nyingi. Hakukuwa na nafasi mbili popote.

Wajumbe wa baraza lile walikuwepo tangu zamani, na idadi yao ilifuata idadi ya wakulima. Mfereji wa tano ulikuwa na wajumbe wengi, wa kwanza wachache. Hilo sikuligusa. Niliona ni haki, na nikaliacha lilale kitanda kimoja na ibara yangu.

Katiba ilipitishwa kwenye mkutano mkuu watu wakiwa wanasubiri kusikia habari za mbolea. Ilisomwa haraka, mikono ikanyanyuka. Mama mkubwa alinyanyua wake. Aliniambia baadaye kwamba alimgusa jirani yake begani akamwambia, "Hiyo kaichapa mwanangu."

Uchaguzi ulikuja mwezi wa saba, na mama mkubwa akagombea.

Hakuwahi kugombea kitu chochote maishani, hata uongozi wa kwaya. Alikuwa na ahadi moja: kiangazi hiki zamu ya maji ianzie mfereji wa tano, ipande kurudi juu. Alikuwa amezunguka nayo mashambani, jaruba kwa jaruba, na watu wa mfereji wa nne na wa tano walikuwa wamemwelewa kabisa. Aliamini kiasi kwamba alikuwa ameshamwaga mbegu kitaluni, nyingi kuliko miaka yote, miche ya kutosha shamba zima. Nilipomuuliza kama si mapema, alisema, "Mche haungoji uchaguzi, baba." Shamba zima la kiangazi kwa mtu wa mfereji wa tano lilikuwa kamari. Bila maji wakati mpunga unapotoa masuke, angepoteza mbegu, mbolea, na nguvu za miezi.

Mpinzani wake alikuwa mzee wa mfereji wa kwanza, mwenye mashamba mapana na pawatila mbili za kulimia. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Gari lake lilikuwa limebeba wajawazito wengi kwenda hospitali. Alitaka tu maji yaendelee kupita kwake kwanza, na hakuona kama hilo linahitaji maelezo. Wa tatu alikuwa mstaafu wa mashamba ya miwa, mtu wa kutoka mbali aliyeoa hapa, ambaye hakuahidi chochote. Alisema anataka kuitwa mwenyekiti kabla hajafa.

Tulikutana kwenye ghala la chama. Nilikuwa nimeitwa niwe karibu kwa ajili ya katiba, kwa hiyo niliketishwa mezani pamoja na katibu. Nilikuwa nimekuja na nakala mbili, endapo moja ingelowa.

Kura zikahesabiwa. Mama mkubwa aliongoza. Kelele za watu wa chini zilitikisa mabati, mtu akageuza ndoo akaanza kuipiga. Katibu akanyanyua mkono.

"Tulieni. Ameongoza, lakini hajafika nusu."

"Turudie!"

Mstaafu akasimama, akavua kofia. "Mimi najitoa. Kura zangu zote nampa mama."

"Kura zako zipi, mzee? Ya kwako na ya mkeo?"

"Mke wangu hakunipigia, nimemwona!" akasema, na ghala zima likaangua kicheko. Hata mzee wa mfereji wa kwanza alicheka. Kila mtu mle ndani alijua kwamba zikirudiwa, mama mkubwa ameshinda.

Kicheko kilipopungua, mzee akasimama taratibu. "Ndugu zangu, sisi si watu wa kurudia-rudia tena. Tuna katiba mpya. Inasemaje? Aliyeichapa si yupo hapo?"

Katibu alinigeukia. Nikasimama, nikaanza kusoma. Niliposoma kwamba uchaguzi unahamia kwenye Baraza la Wajumbe, watu wa chini walipiga makofi tena.

"Wacha uhamie! Wajumbe wetu wa nne na wa tano ni wengi kuliko hao wote wa juu!"

Ilikuwa kweli. Mama mkubwa alikaza khanga kiunoni, akanitazama, akatabasamu. Alidhani nimemwandikia ushindi.

Sentensi iliyofuata ilikuwa mbele ya macho yangu, imenyooka, herufi za ukubwa wa kumi na mbili, nafasi moja na nusu kati ya mistari. Ningeweza kuishia pale. Ni watu wangapi walikuwa na nakala? Katibu alikuwa nayo kwenye mfuko, haijafunguliwa. Niliwaza hivyo, nakiri, kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Na kilichonifanya niendelee sikukiita uaminifu hata siku ile. Sikuweza kuvumilia ibara kusomwa nusu.

Nikasoma kwamba kila mfereji ni kura moja.

"Soma tena," sauti ikasema kutoka nyuma.

Nikasoma tena.

"Yaani sisi wote hawa, huu umati, ni kura moja?"

"Ndiyo."

"Na wale wa pale juu, wanaoenea kwenye gari moja?"

"Kura moja."

"Nani kaandika huu upuuzi?"

Katibu aliinamisha macho mezani. Mama mkubwa ndiye aliyesema. "Endeleeni. Tuliupitisha wenyewe."

Wajumbe walikaa kwa makundi, mfereji mmoja mmoja, kwenye pembe za ghala. Wa nne na wa tano walimchagua yeye. Wa kwanza na wa pili wakamchagua mzee. Ikabaki mfereji wa tatu, wa katikati, ambao maji huwafikia kila mwaka, si mengi, si machache. Walinong'onezana muda mrefu. Mmoja wao, mwanamke aliyewahi kusali jumuiya moja na mama mkubwa, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Zamu ikigeuzwa, sisi hatujui tutakuwa wapi." Wakampa mzee.

Mifereji mitatu kwa miwili. Kama wajumbe wangehesabiwa vichwa, mama mkubwa angekuwa mbele kwa mbali. Alikuwa na watu wengi zaidi ghalani na wajumbe wengi zaidi barazani, na akatoka pale akiwa si kitu. Watu wa chini waliondoka mmoja mmoja. Mtu mmoja alipita karibu na meza yangu akasema, bila kusimama, "Msomi."

Nilimkuta nyumbani jioni akichambua mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Chukua kiti." Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Ile uliitoa wapi?"

"Marekani."

Alicheka kidogo, kicheko kisichopanda. "Na wenyewe wanaitumia?"

"Wameitumia mara chache. Zamani sana."

"Zamani sana," alirudia. "Sisi ndiyo tumeanza nayo leo."

Nilianza kumweleza kwamba sikuwa na nia, kwamba nilitaka tu kuziba pengo. Nilieleza sana. Nilieleza mpaka nikajisikia nikiomba anifariji, na yeye, kwa kuwa ndiye aliyenilea, akanifariji. "Basi, baba. Kula kwanza." Hilo linaniuma mpaka leo kuliko lile neno la msomi.

Alipandikiza shamba zima. Nilimwambia apande nusu, akasema miche ikikaa kitaluni itazeeka, na kuitupa hawezi. Zamu ikaanzia juu. Niliamua kuandika malalamiko kwa ofisi inayosimamia skimu, kuomba uchaguzi urudiwe au angalau zamu igeuzwe kwa msimu ule mmoja. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika. Sikupenda aya ya pili. Nilitafuta sheria, nikaona labda nimetaja kifungu kisicho sahihi, nikaondoa, nikarudisha. Kila siku nilijiambia kwamba safari hii sitakosea, kwamba watu watasoma kila neno langu wakitafuta upuuzi mwingine. Mama mkubwa alinipigia mara mbili kuuliza kama barua imeenda. Nilimwambia inakaribia.

Ilipokwenda, mpunga ulikuwa umeshatoa masuke. Afisa aliyeipokea alikuwa kijana wa umri wangu. Aliisoma mbele yangu, akasema imeandikwa vizuri sana, akauliza kwa nini sikuileta mwezi uliopita.

Nilikwenda shambani siku iliyofuata. Suke lenye punje linainama. Ukiliona shamba limeinama unajua kuna chakula. La mama mkubwa lilikuwa limesimama wima lote, jeupe, linachakarika kwenye upepo. Nilivunja suke moja nikaliminya. Mapepe matupu, ganda bila kitu ndani. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa zinazoweza kumeza kidole. Kule juu, upande wa banio, kulikuwa bado na rangi ya kijani.

Mwenyekiti mpya naye alikuja kuona. Alivua kofia. "Mama, pole. Si mimi. Ni zamu."

"Najua," akasema mama mkubwa. "Zamu haina mwenyewe."

Alifyeka mwenyewe majani yale kwa ajili ya ng'ombe wa jirani. Nilijitolea kumsaidia, na kwa mara ya kwanza akakataa msaada wangu. Hakukataa kwa ukali. Alisema tu kwamba nirudi dukani, wateja watanisubiri.

Mkutano mkuu uliofuata ulifuta ile ibara. Mtu aliyeandika marekebisho aliandika kwa mkono, mistari miwili: kura zikikwama, warudie kati ya wawili walioongoza. Hawakuniletea mimi kuchapa, walipeleka kwingine, na namba za ibara zimekosewa tena. Nimeziona. Nikaziacha hivyohivyo.

Zamu bado inaanzia juu. Mama mkubwa hakugombea tena, na kiangazi halimi. Mpunga wa masika unamfikisha mwezi wa kumi. Baada ya hapo ananunua mchele dukani.